Tindikali ya Tumbo na Meno Yetu

Somo la leo ni la historia, nayo ni historia ya kiungulia na jinsi kinavyoharibu meno.

Wazee wetu wengi waliijua dawa kabla ya kuijua sababu. Mtu akichomwa kifuani baada ya kula, alilamba magadi, akapata nafuu. Kwa nini magadi? Jibu lilitoka mbali. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu la tumboni halikuziba. Mwaka uliofuata, Mwingereza William Prout alionyesha ya kuwa tumboni mna tindikali kali. Daktari wa kijana yule, William Beaumont, akafunga vipande vya nyama kwa uzi wa hariri, akavitumbukiza katika tundu, kisha akavivuta na kuvitazama. Aliteka pia maji ya tumbo, akayatia chupani pamoja na nyama, nyama ikayeyuka. Kitabu chake kilitoka mwaka 1833. Kijana alikuwa maskini, tena mtumishi wa daktari huyo. Mimi naona sifa kubwa ni yake.

Basi magadi huua tindikali, ndiyo sababu ya nafuu ile. Lakini magadi mengine yana floridi nyingi, na hiyo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia.

Tindikali ikipanda mpaka kinywani, hasa usiku mtu amelala, hula ganda gumu la meno. Tieni yai katika maji ya ndimu: mtaona povu, na baadaye ganda litalainika. Jino nalo ni vivyo hivyo, ila polepole. Mara nyingi huanza upande wa ndani wa meno ya juu, mahali ambapo kioo hakionyeshi. Mtu hushtuka tu siku anapokunywa maji baridi na meno yakaingia ganzi. Ganda hilo likiisha halioti tena.

Wengi wakiamka na ukali mdomoni hushika mswaki, wa mti au wa dukani, wakasugua kwa nguvu. Hapo ndipo wanapoliondoa ganda lililolainika. Sukutua kwanza kwa maji matupu, ungoje kama saa moja, ndipo upige mswaki. Usiku usile ukalala papo hapo. Ngoja saa mbili tatu. Na kiungulia kikirudi kila wiki, nenda hospitali. Ukifika kwa daktari wa meno, mweleze na habari za tumbo.