Bao, Sataranji na Vijana Wetu

Kijana wa Sekei, chini ya Mlima Meru, akiketi mbele ya ubao wa sataranji, huenda akaambiwa kwamba anaiga mchezo wa kigeni. Neno hilo yafaa tulipime kwa historia.

Sataranji ilianza Bara Hindi yapata karne ya 6, ikapita Uajemi, ikapokelewa na Waarabu, kisha ikafika Ulaya. Kila taifa liliongeza la kwake: yule waziri wa Waajemi, huko Ulaya aligeuzwa kuwa malkia. Jina lenyewe tulilipata kwa Waarabu, wala halikupitia Uingereza.

Nasi hatukuingoja sataranji ndipo tujue kushindana kwa akili. Miongoni mwa wasemao Kimaa, lugha ambayo ni ya Waarusha pia, mna mchezo wa enkeshui wenye safu mbili za mashimo. Pwani, bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hunamua kwanza, kisha huingia mtaji. Asiyehesabu kabla ya kunyanyua mkono hupoteza nyumba yake.

Akili hiyo ndiyo iliyoonekana Juba, Sudani ya wakati ule, mwaka 2009, katika mashindano ya sataranji ya watoto wa Afrika. Uganda iliwakilishwa na watoto watatu wa Katwe, mtaa wa wanyonge jijini Kampala: Phiona Mutesi, Ivan Mutesasira na Benjamin Mukumbya. Mwalimu wao, Robert Katende, alikuwa akiwakusanya watoto wa mtaa kwa kikombe cha uji na kuwafundisha mchezo. Watatu hao walirudi na ushindi wa timu. Na mwaka 2010 Phiona aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiadi ya sataranji huko Urusi.

Mwalimu Nyerere, alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana tarehe 10 Desemba 1962, alikumbusha kwamba kujifunza kwa wengine si kuacha vya kwetu. Basi litakuwa kosa kuupokea ubao wa miraba 64 huku tukizitupa kete 64 za bao, kana kwamba akili ilikuja pamoja na mgeni. Shule iingizapo sataranji katika michezo yake, na iweke bao kando yake. Na kijana wa Sekei amwulize babu yake enkeshui huchezwaje, kabla wajuao hawajatutoka.