Mzururaji ni Nani? Sheria Moja Katika Mizani ya Nadharia za Uhalifu

Kiswahili kina kitenzi "kuzurura", yaani kutembea huku na huko bila shughuli maalumu. Kutokana nacho tumepata nomino mbili: mzururaji, ambaye ni mtu, na uzururaji, ambao ni tendo. Kwa karne nyingi tendo hili limehesabiwa kuwa kosa la jinai katika nchi nyingi, na watu wasio na idadi wamelala mahabusu kwa sababu yake. Kwa hiyo leo tujiulize swali ambalo wanasosholojia wameliuliza kwa zaidi ya miaka mia moja: ni nini kinachofanya tendo liwe uhalifu? Je, ubaya umo ndani ya mtu, ndani ya jamii, au ndani ya kalamu ya anayeandika sheria?

Kwanza tutenganishe istilahi mbili. Uhalifu ni kuvunja sheria ya dola. Ukengeushi ni kukiuka kaida za jamii, ziwe zimeandikwa au hazikuandikwa. Kijana anayepita mbele ya wazee bila kuwaamkia amekiuka adabu, lakini polisi hawamkamati. Anayeegesha gari mahali palipokatazwa amevunja sheria, ingawa majirani hawamwoni kuwa mtu mwovu. Mambo haya mawili hukutana mara nyingi, lakini hayalingani.

Kutoka kwenye damu hadi kwenye jamii

Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu akidai kwamba wako watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba unaweza kuwatambua kwa umbo la fuvu, taya na masikio. Wazee wetu wana methali inayokaribia fikra hiyo: mtoto wa nyoka ni nyoka. Utafiti wa baadaye uliibomoa nadharia ya Lombroso, lakini mazoea ya kumhukumu mtu kwa sura yake hayajafa.

Mfaransa Émile Durkheim aligeuza swali. Katika kitabu chake cha mwaka 1895 alieleza kwamba uhalifu upo katika kila jamii, hata ile ambayo watu wake wangekuwa watakatifu, kwa kuwa huko makosa madogo kabisa yangeonekana makubwa. Adhabu, kwa maoni yake, huwakumbusha watu wema kaida zinazowaunganisha. Tazama hatua aliyopiga: badala ya kupima fuvu la mtu mmoja, alianza kuipima jamii nzima.

Huko Chicago, Marekani, Clifford Shaw na Henry McKay walichora ramani za makosa ya vijana. Waligundua kwamba mitaa fulani ya karibu na katikati ya jiji iliendelea kuwa na makosa mengi, ingawa jamii za wahamiaji waliokaa humo zilibadilika kizazi baada ya kizazi. Basi kama wakazi wanaondoka na makosa yanabaki, tatizo haliko katika damu ya wakazi.

Mwaka 1938 Robert Merton aliongeza hoja nyingine. Jamii humfundisha kila mtu kutamani mafanikio, lakini haimpi kila mtu njia halali ya kuyafikia. Katika pengo hilo wengine huvumilia, wengine hukata tamaa, wengine huasi, na wengine hubuni njia zao za mkato. Methali yetu inasema kwa ufupi: mwenye njaa hana miiko. Hata hivyo, tusidhani kwamba uhalifu ni wa maskini peke yao. Mwaka mmoja baadaye, Edwin Sutherland aliwakumbusha wenzake kwamba matajiri na wenye vyeo nao huiba, ila huiba ofisini na kwa kalamu.

Hatimaye, mwaka 1963, Howard Becker alileta nadharia ya kupachika jina. Alisema ukengeushi si sifa iliyomo ndani ya tendo. Hutokea pale kundi lenye uwezo linapoweka kanuni, likawatwika watu fulani kanuni hizo na kuwaita wakosaji. Jina likishaganda, mwenye jina hunyimwa kazi na urafiki, na mwishowe huenda akawa vile alivyoitwa.

Safari ya sheria ya uzururaji

Sasa tuzipime nadharia hizi kwa historia. Mwaka 1348 tauni iliingia Uingereza na kuua sehemu kubwa ya watu. Vibarua wakawa adimu, nao wakaanza kudai ujira mkubwa na kuhama kutafuta mabwana bora. Mwaka 1349 mfalme alitoa amri: mwenye nguvu afanye kazi kwa ujira wa zamani, na asiye mlemavu asipewe sadaka. Mwaka 1547 sheria nyingine iliruhusu mzururaji achomwe alama ya herufi V kwa chuma cha moto na kufanywa mtumwa kwa miaka miwili. Ilikuwa kali mno hata ikafutwa baada ya muda mfupi.

Mwanasosholojia William Chambliss alichambua historia hii mwaka 1964. Alihitimisha kwamba sheria hizo zilizaliwa ili kuwapatia wenye mashamba vibarua wa bei nafuu, na baadaye zikageuzwa ili kulinda mali za wafanyabiashara njiani. Mwenye nguvu mpishe, wasemavyo Waswahili. Wapo wanahistoria waliompinga, wakisema alitilia mkazo uchumi kupita kiasi, lakini swali lake limebaki hai: sheria hii inamfaidi nani?

Mwaka 1824 Uingereza ilitunga sheria mpya ya uzururaji, na lugha yake ikasafiri pamoja na utawala wa kikoloni hadi Afrika. Uhuru ulipopatikana, bendera zilibadilika, lakini vifungu vingi vilibaki. Nchini Uganda, kifungu cha 168 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu kilimhesabu kuwa mkosaji mtu anayeshukiwa ambaye hana njia ya kujikimu inayoonekana na hawezi kujieleza vizuri. Soma tena, msomaji. Hapo hakuna kilichoibwa wala aliyepigwa. Kosa ni kuwa maskini, kushukiwa, na kukosa maneno mbele ya askari.

Majirani nao wana historia yao. Tanzania ilifanya msako wa Nguvu Kazi mwaka 1983, ambapo waliohesabiwa kuwa hawana kazi mijini walipelekwa mashambani. Kenya iliifuta Sheria yake ya Uzururaji mwaka 1997. Nchini Malawi, mchuuzi aliyekamatwa alfajiri akienda kuuza bidhaa zake alifungua kesi, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungu kilichotumika dhidi yake kinapingana na katiba. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hii zinavunja haki ya usawa, uhuru na utu, na kwamba mataifa yanapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha sehemu mbili za kifungu cha 168, ikiwemo ile niliyoieleza hapo juu.

Tunajifunza nini?

Historia hii haitufundishi kwamba uhalifu ni ndoto. Anayevunja duka usiku anamwumiza jirani yake, na jamii ina haki ya kujilinda. Inatufundisha kutofautisha sheria inayoadhibu tendo na sheria inayoadhibu hali ya mtu. Ya kwanza humwuliza mshitakiwa, "Umefanya nini?" Ya pili humwuliza, "Wewe ni nani, na mbona uko hapa?" Swali hilo la pili haliulizwi kwa wote kwa usawa, mwenye gari na suti halisikii kamwe.

Nawe mwanafunzi wa lugha una wajibu wako. Maneno kama mhuni, mzururaji na mkora ni mepesi ulimini, lakini Becker ametuonya kwamba jina linaweza kumfungia mtu mlango. Kabla hujalitamka, uliza ni tendo gani limetendwa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya uhalifu na ukengeushi, kisha utoe mfano mmoja wa kila kimoja.
2. Kati ya Durkheim, Merton na Becker, ni nani anayefafanua vizuri zaidi sheria ya uzururaji? Toa sababu.
3. Andika insha fupi: "Umaskini si kosa la jinai."