Madoa sugu kwenye nguo za watoto

Doa sugu ni doa linalobaki kwenye nguo baada ya nguo hiyo kufuliwa, kukauka na mara nyingi kupigwa pasi. Hutofautiana na doa bichi, ambalo bado limekaa juu ya nyuzi na huweza kutoka kwa maji na sabuni ya kawaida. Nguo za watoto hupata madoa sugu mengi kuliko nguo za watu wazima, kwa kuwa mtoto hula, hucheza, huumia na hata hulala na nguo ileile, na mara nyingi mzazi huliona doa jioni likiwa limekwisha kukauka.

Kwa familia yenye kipato kidogo jambo hili si dogo. Sare ya shule hutarajiwa kudumu mwaka mzima au zaidi, kisha hurithiwa na mdogo wa mwenye sare. Mwanafunzi mwenye shati lenye doa huitwa mchafu hata kama shati hilo lilifuliwa jana yake, na msichana mwenye doa la hedhi kwenye sketi huweza kukosa masomo kwa ajili ya aibu. Kwa upande mwingine, baadhi ya dawa zinazotumika kuondoa madoa ni sumu, na anayedhurika nazo nyumbani mara nyingi ni mtoto yuleyule ambaye nguo yake inasafishwa.

Jinsi doa linavyokuwa sugu

Uzi wa pamba umeundwa na selulosi, ambayo hunyonya maji kwa urahisi pamoja na rangi zilizoyeyuka ndani yake. Poliesta haipendi maji lakini hushika mafuta. Kitambaa cha mchanganyiko wa pamba na poliesta, kinachoitwa tetroni na kutumiwa sana kwa sare za shule, kina tabia zote mbili, na ndiyo maana kola ya shati la shule huwa ngumu kusafisha.

Doa hugeuka kuwa sugu kwa njia kuu tatu: joto, oksijeni ya hewani na kemikali isiyofaa. Joto ndilo lenye lawama kubwa. Protini iliyomo katika damu, maziwa na yai huganda inapopata joto, kama vile ute wa yai unavyoganda kwenye sufuria, na yai likishachemshwa halirudi tena kuwa bichi. Oksijeni hufanya kazi polepole zaidi: huigeuza rangi ya maji ya matunda kuwa ya kahawia na mafuta yasiyoonekana kuwa ya njano. Kemikali isiyofaa ni ile inayowekwa na mfuaji mwenyewe kwa nia njema, kwa mfano dawa ya klorini juu ya kutu.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kutambua doa limetokana na nini. Mfuaji anayeuliza "nitumie dawa gani?" kabla ya kuuliza "mtoto alimwagikiwa na nini?" ameanza na swali la pili. Dawa yoyote ijaribiwe kwanza kwenye pindo la ndani, na nguo isipigwe pasi mpaka ihakikishwe kwamba doa limetoka.

Damu, maziwa na yai

Haya hulowekwa katika maji baridi, kamwe si ya moto. Doa la zamani huhitaji muda wa saa kadhaa au usiku kucha, likiwa na sabuni ya unga yenye vimeng'enya, yaani protini maalumu zinazokata protini nyingine vipande vidogo vinavyoweza kuyeyuka. Wazo hilo lina zaidi ya miaka mia moja: Otto Röhm wa Ujerumani alipata hataza mwaka 1913 kwa sabuni yenye vimeng'enya vilivyotolewa katika kongosho la wanyama. Vimeng'enya hivyo navyo huharibika katika maji yanayochemka, hivyo anayemwagia sabuni ya aina hiyo maji yaliyotoka jikoni anapoteza fedha zake. Maji ya vuguvugu, kama nyuzijoto 40 za sentigredi, yanafaa baada ya kuloweka kwa maji baridi. Sufu na hariri zenyewe ni protini, kwa hiyo hazilowekwi katika sabuni hizi.

Damu iliyokauka kwenye nguo nyeupe hutibiwa pia kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ambayo huuzwa katika maduka ya dawa. Povu linalotokea ni oksijeni: damu ina kimeng'enya kiitwacho katalasi ambacho huivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Dawa hii huharibiwa na mwanga, ndiyo sababu huwekwa katika chupa nyeusi. Kwenye nguo ya rangi huweza kuacha baka jeupe.

Utomvu wa mgomba na maji ya bibo

Haya ndiyo madoa magumu kuliko yote katika Afrika Mashariki. Utomvu wa mgomba unapodondoka huwa kama maji tu, na mtoto aliyekuwa akichezea majani ya mgomba hurudi nyumbani bila dalili yoyote. Baada ya muda doa hugeuka kahawia, kisha karibu jeusi. Watu wa Kagera, Kilimanjaro, Uganda, Rwanda na Burundi wanalijua vizuri, na wengi hutenga nguo maalumu za kwendea shambani. Huko Mtwara na Lindi mwenzake ni bibo, tunda la mkorosho, ambalo maji yake huacha doa la kahawia kwenye shati la kila mtoto anayelila njiani. Embe bichi, komamanga, chai na kahawa ni za ukoo huohuo, ingawa ni pole zaidi.

Chanzo ni tanini na kemikali za jamii yake. Zinapokutana na oksijeni huungana kuwa molekuli kubwa zenye rangi nzito, ambazo huanza ndogo kiasi cha kuingia ndani ya uzi na kuishia kubwa kiasi cha kushindwa kutoka. Tanini ikikutana na madini ya chuma huwa nyeusi. Kwa kanuni hiyo watu wa kale walitengeneza wino wa kuandikia. Kwa hiyo nguo yenye utomvu isilowekwe katika beseni lililoshika kutu wala katika maji mekundu ya bomba la zamani.

Doa bichi lisuuzwe mara moja kwa maji mengi ya baridi kutoka upande wa nyuma wa kitambaa, ili lisukumwe litoke badala ya kupenyezwa ndani. Kusugua kwa sabuni ya kipande kwanza hakushauriwi, kwani sabuni hiyo ni ya kibesi na doa la tanini huweza kuwa jeusi zaidi katika besi. Maji ya ndimu au siki nyeupe husaidia, kisha ifuate sabuni ya unga.

Likishakuwa sugu, njia iliyobaki ni kuivunja rangi yenyewe. Unga wa oksijeni, yaani sodiamu pakaboneti, unaweza kutumiwa kwenye pamba na poliesta, hata nguo nyingi za rangi, kwa kuloweka saa nyingi katika maji ya moto kiasi na kurudia. Nguo nyeupe za pamba hustahimili pia dawa ya klorini iliyochanganywa na maji. Pamoja na hayo, doa la mgomba lililokaa mwezi mzima na kupigwa pasi mara kwa mara hufifia tu. Wanaodai kuwa na dawa inayolimaliza kabisa huwa wameimaliza na rangi ya nguo.

Manjano na mawese

Manjano, au binzari, hutiwa rangi na kemikali iitwayo kukumini. Mama anayepaka sabuni ya kipande kwenye doa la mchuzi hushtuka kuliona likigeuka jekundu kama damu. Hakuna kilichoharibika: kukumini ni kiashiria cha asidi na besi, huwa njano katika asidi na nyekundu katika besi, na tone la ndimu huirudishia unjano. Mwalimu wa kemia asiye na karatasi za litmasi anaweza kutumia karatasi iliyochovywa katika maji ya manjano kufundisha somo hilo kwa gharama ndogo sana.

Kukumini ina udhaifu mmoja mkubwa: haistahimili jua. Nguo ifuliwe kwa sabuni ya unga ili kuondoa mafuta ya mchuzi, kisha ianikwe ikiwa mbichi mahali penye jua kali, doa likitazama juu. Siku moja au mbili mara nyingi hutosha. Hali kadhalika kwa mawese, yanayotumika sana Kigoma, Burundi na Kongo. Wekundu wake unatokana na karotini, ile iliyomo katika karoti na papai. Sabuni huondoa mafuta, jua humalizia rangi. Ni miongoni mwa madoa machache ambayo dawa yake bora haiuzwi dukani.

Udongo mwekundu na kutu

Wekundu wa udongo ni oksidi za chuma. Tope liachwe likauke, likung'utwe na kupigwa brashi kabla ya kuguswa na maji. Anayelowesha kwanza huusambaza udongo katika nyuzi. Kinachobaki hufuliwa kwa sabuni ya unga na kusuguliwa kwa mikono, mara mbili au tatu.

Kutu ya misumari, zipu au waya wa kuanikia huondolewa kwa maji ya ndimu na chumvi, nguo ikiwekwa juani kwa saa chache kisha kusuuzwa vizuri. Asidi ya ndimu huishika chembe ya chuma na kuifanya iyeyuke katika maji. Dawa ya klorini haiondoi kutu, na huweza kuifanya mbaya zaidi.

Mafuta na wino

Doa la mafuta hupakwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo bila kuongezwa maji, likaachwa nusu saa, kisha likasuuzwa kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili. Nguo ikiwa imelowa doa la mafuta halionekani vizuri, kwa hiyo liangaliwe tena nguo ikikauka. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka katika spiriti: kitambaa safi huwekwa chini ya doa, na juu hudonolewa kwa pamba yenye spiriti, bila kusugua, mbali na moto.

Dawa za klorini na hatari zake

Dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo watu wengi huiita Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine, ni mmumunyo wa sodiamu haipokloraiti. Klorini iligunduliwa na Carl Wilhelm Scheele mwaka 1774. Miaka michache baadaye Claude Louis Berthollet wa Ufaransa alionyesha kwamba inapausha vitambaa, na dawa ya maji ikatengenezwa Javel, karibu na Paris. Ndiyo maana katika nchi zilizotumia Kifaransa, kama vile Kongo na Burundi, dawa hii bado hujulikana kwa jina la Javel.

Dawa hii haifai kwa sufu, hariri wala nguo zinazovutika, na hutoboa hata pamba ikitumika bila kuchanganywa na maji. Lakini nguo ni hasara ndogo. Ikichanganywa na ndimu, siki au dawa ya kusafishia choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma mapafu. Ikichanganywa na amonia hutoa gesi nyingine zenye sumu, na hapa wazazi wengi hawana habari kwamba mkojo uliokaa una amonia: nepi zilizorundikwa kwenye ndoo zisuuzwe kwa maji mengi kabla ya kutiwa dawa hiyo. Aliyekwisha kutumia ndimu asifuatishe klorini kabla ya kuisuuza nguo kabisa.

Baadhi ya watu hutumia mafuta ya taa kwa grisi na rangi ya mafuta. Yanayeyusha kweli, lakini hubaki na harufu, huchoma ngozi ya mtoto na kushika moto. Hatari kubwa zaidi ni kuyaweka, au kuweka dawa ya klorini, katika chupa ya soda. Mtoto aliyekunywa kimojawapo asitapishwe, kwa kuwa kinaporudi huunguza koo mara ya pili, na mafuta ya taa huingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Petroli haifai kabisa kwa kazi hii.

Pasi

Katika sehemu nyingi za Afrika nguo za mtoto mchanga hupigwa pasi kwa sababu ya afya. Nzi wa jamii ya Cordylobia anthropophaga hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na mabuu yake huingia katika ngozi na kufanya majipu. Pasi ya moto pande zote, pamoja na kwenye mishono, huua mayai. Joto hilohilo huligandisha doa. Kwa hiyo nguo yenye doa irudiwe kufuliwa kwanza, na ikilazimika kuvaliwa na mtoto kabla ya doa kutoka, ipigwe pasi na doa lake.

Kuhifadhi nguo kwa mtoto anayefuata

Nguo za mtoto mchanga zilizowekwa safi sandukuni hutolewa baada ya mwaka zikiwa na madoa ya njano shingoni na kifuani. Hayo ni mabaki ya maziwa na mafuta yaliyobadilishwa na oksijeni. Nguo za kuhifadhi zifuliwe kwa sabuni yenye vimeng'enya na kusuuzwa mara mbili, zikauke kabisa, wala zisitiwe wanga. Zilizokwisha kugeuka njano hulowekwa katika unga wa oksijeni usiku kucha.

Vidonge vyeupe vya nafthalini vinavyowekwa sandukuni kufukuza nondo na mende havifai kwa nguo hizi. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi ambayo si adimu katika maeneo yenye malaria, akivalishwa nguo zenye mvuke wa nafthalini huweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu na kupata manjano makali. Nguo zilizokaa na vidonge hivyo zifuliwe na kuanikwa mahali penye hewa mpaka harufu iishe kabisa kabla ya kumvalisha mtoto.