Watu wasiojuana: kutoka Ugua Pole ya redio hadi soko la simu

Boko ni eneo la watu wasiojuana. Mradi wa viwanja 20,000 ulipoanza mwaka 2002, Serikali ilipima mashamba na mapori ya pembezoni mwa Dar es Salaam: Boko Dovya na Bunju upande wa Kinondoni, Toangoma na Kibada upande wa Temeke ya wakati ule. Waliokuja kujenga walitoka kila kona ya nchi. Mtu alihamia nyumba isiyopigwa plasta, jirani yake likiwa pagale na nyasi. Wa kumuuliza fundi mzuri yuko wapi, au mtoto akichemka usiku apelekwe wapi, hakuwapo. Leo kirikuu kikisimama Boko Magengeni kimebeba friji iliyonunuliwa kwa mtu wa Mbagala ambaye mnunuzi hajapata kumwona, hakuna anayegeuza shingo.

Mazoea haya ya kushughulika na usiyemjua yana umri mkubwa kuliko simu. Mwaka 1923 gazeti la Mambo Leo lilianza kuchapwa Dar es Salaam, na wasomaji wa miji iliyo mbalimbali wakaandikiana humo barua na mashairi. Mmoja alitoa fumbo, mwingine asiyemjua hata kwa sura akamjibu katika toleo la baadaye. Kumwamkia mtu usiyemwona, kumpa heshima yake ndipo umpinge, tulijifunza humo.

Redio ikaongeza sauti. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ilikuwa na kipindi cha Ugua Pole kilichopeleka salamu kwa waliolala wodini. Ndugu wa kijijini walimsikia mtu wao, na wasio ndugu wakamwombea. Lakini palikuwa mahali pa pole na salamu. Kueleza dalili, kuuliza dawa gani imekusaidia, kukiri kwamba unaogopa, hayo yalibaki nyumbani.

Ukimwi ndio uliolazimisha mazungumzo. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka 1989 Theresa Kaijage alianzisha shirika la WAMATA jijini Dar es Salaam, na mwaka 1994 ikazaliwa SHDEPHA+, safari hii waishio na virusi wenyewe wakiwa ndio wenye chama. Naiheshimu sana kazi ya watu wale. Walikaa kwenye benchi moja na mtu waliyekutana naye asubuhi ileile wakamweleza kile ambacho mke au kaka alikuwa hajaambiwa. Kikwazo kilikuwa mlango: ili uingie, lazima mtu akuone ukiingia, na wapo waliokwenda mbali na mitaa yao kwa sababu hiyo tu.

Mtandao uliondoa mlango. Mwaka 2006 Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha mtandao wa Jambo Forums, ambao baadaye ukaitwa JamiiForums. Siasa ndiyo iliyoupa umaarufu, na wengi hadi leo wanaukumbuka kwa skendo za vigogo. Mimi nadhani kazi yake ya kudumu ilifanyika kwenye jukwaa la JF Doctor, ambako mtu mwenye jina la kubuni aliwaamkia wenzake kwa "habari zenu wakuu", kisha akaandika juu ya uvimbe, ugumba, au vipele ambavyo asingeweza kuvionyesha kwa mtu wa mtaani kwake. Kila mtu humo ni mkuu. Hakuna anayejua kama anayejibu ni nesi, mwanafunzi, au mama aliyeugua hivyohivyo miaka mitatu iliyopita. Mara nyingi aliyewahi kuugua ndiye mwenye jibu la maana, kwa kuwa anajua maumivu yanaanza saa ngapi usiku na dawa ipi inakera tumbo.

Biashara ilikuja kwa njia hiyohiyo, ila ilingoja pesa. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mtu wa Boko aliweza kumlipa mtu wa Arusha bila kumtuma kondakta wa basi. Mwaka uliofuata mkongo wa intaneti wa SEACOM uliwasili kwa njia ya bahari na kupunguza utegemezi wa setilaiti ghali. Zikafuata tovuti za matangazo kama ZoomTanzania na Kupatana. OLX nayo ilikuja, kisha mwaka 2019 biashara yake katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwemo, ikachukuliwa na Jiji ya Nigeria. Kisha wauzaji wengi wakahamia Instagram na makundi ya WhatsApp, bila kodi ya fremu wala dalali.

Ulaghai haukuchelewa. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ulipita kwenye simu za watu wengi kiasi kwamba sasa umekuwa msemo. Serikali ikalazimisha laini zisajiliwe kwa alama za vidole, na mapema mwaka 2020 zile zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Hata hivyo, ulinzi mkubwa zaidi ulitungwa na wanunuzi wenyewe. Friji inachomekwa kwenye umeme kwa muuzaji, mnakaa mpaka barafu ianze kushika, ndipo mnazungumza bei. Kiwanja hakilipiwi kabla ya kufika ofisi ya serikali ya mtaa. Mzigo unalipiwa mlangoni, bodaboda akiwa bado na kofia kichwani.

Ushauri wa ugonjwa hauna pa kuchomekwa. Mwaka 2011 tuliliona hilo kwa ukubwa wa kutisha. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kijijini Samunge, Loliondo, na shuhuda za waliosema wamepona kisukari, Ukimwi na saratani zilisambaa kwa simu na redio kuliko tangazo lolote. Foleni ya magari ilinyooka kwa kilomita nyingi porini. Wapo waliofia njiani, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Aliyetuma ujumbe wa kupona kwa kawaida hakuwa tapeli. Alikuwa amejisikia nafuu kweli wiki ile, na alitaka wengine wapone. Hilo ndilo linalofanya ushuhuda wa mgonjwa uwe mgumu kuupima kuliko friji.

Ugumu mwingine ulitoka kwenye sheria. Mwaka 2016 Melo alishtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wa JamiiForums, na kesi zake zikachukua zaidi ya miaka mitatu mahakamani Kisutu. Mjadala ulihusu wafichua maovu. Lakini orodha ya majina ikifunguliwa kwa ajili ya wanasiasa, na yule aliyeandika kuhusu ugumba wake yumo humohumo. Juni 2018 mtandao huo ulisimama kwa muda kutokana na kanuni mpya za leseni za maudhui, na wagonjwa nao wakakosa pa kuuliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa mwaka 2022 sasa inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, hatua iliyochelewa.

Wazazi wa watoto wenye selimundu, au sikoseli kama wenyewe wanavyosema, wananipa matumaini zaidi ya sheria. Inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa nayo nchini kila mwaka. Katika makundi yao mama wa Boko anaambiwa saa nane usiku na mama wa Temeke ampe mtoto maji mengi, amfunike, na homa ikipanda asingoje asubuhi. Humo humo ataambiwa pia duka gani lina dawa kwa bei nafuu, na wiki nyingine ataomba damu.

Kwenye tangazo la damu ndipo soko na ugonjwa vinapokutana, ingawa damu haiuzwi. Mpango wa Taifa wa Damu Salama upo tangu 2004, lakini ndugu wa mgonjwa bado huombwa watafute wachangiaji, na ujumbe husambazwa ukiwa na jina la mgonjwa, wodi, ugonjwa na namba ya simu, bila tarehe. Miezi kadhaa baadaye mtu wa mkoani bado anapiga namba ile. Anayeandika tangazo hilo leo aweke tarehe, hospitali na kundi la damu, na jina la ugonjwa aliache.