Morris ya Babu na Njia ya King's Rest



Ukoo wetu umetawanyika, lakini shina lake ni moja. Kuanzia mwaka 1873 hadi 1880, manowari za Waingereza ziliyakamata majahazi ya watumwa, na waliokombolewa wakaletwa Durban. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Kwa kuwa walipitia Unguja, wakaitwa Wazanzibari. Walifanya makao King's Rest, huko Bluff, wakaswali na kuzikana hapo. Sheria ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi haikuwaacha. Serikali iliwaandika katika kundi la Waasia wengineo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikawahamishia Chatsworth.

Hapo ndipo Morris ya Babu inapoingia katika historia yetu. Aliinunua baada ya kuhamishwa, ili apate kurudi King's Rest kuzuru makaburi. Gari hilo lingali nyumbani, nami ndiye mtunzaji wake.

Mwaka huu mishale ya petroli na ya joto ilianza kupanda pamoja hadi mwisho, na baadhi ya jamaa wakashauri gari liuzwe. Lakini geji mbili zikiugua siku moja, aghalabu ugonjwa ni mmoja. Nyuma ya dashibodi mna kikasha kidogo cha chuma kinachozipa geji zote mbili umeme uliopunguzwa, wastani wa volti 10. Sharti kikasha hicho kishikane barabara na bodi ya gari. Kutu ikiingia kati, umeme wa betri hupita wote, na tangi huonekana lina petroli nyingi kuliko iliyomo.

Niliondoa waya wa betri, nikafungua skrubu, nikasugua kutu kwa msasa hadi chuma kikang'aa, kisha nikakaza. Mishale ikarudi mahali pake bila kununuliwa kifaa chochote.

Ndugu zangu, hata karatasi za serikali ziliwahi kusema uongo juu yetu kama mishale ile. Dawa yake ni kuufikia ukweli wenyewe. Wazee waliozaliwa Bluff wanapungua. Mwenye picha ya King's Rest ya kabla ya kuhamishwa, tafadhali aje nayo mkutanoni, na majina yaandikwe nyuma yake wangali wapo wanaoyajua.

Wabillahi tawfiq.