Ng'ombe wa Ngelani: Chama cha Machakos kilichomrudisha nyuma Gavana

Ukamba Members Association ilianzishwa Machakos mwaka 1938. Miaka miwili baadaye ilipigwa marufuku, lakini kabla ya hapo ilikuwa imefanya jambo ambalo vyama vichache vya Waafrika wakati wa ukoloni viliweza kulifanya: kuilazimisha serikali iache sera iliyokwisha kuanza kuitekeleza. Julai 2028 itatimia miaka 90 tangu wafuasi wa chama hicho waandamane hadi Nairobi kudai ng'ombe wao. Katika masimulizi ya taifa kuhusu uhuru, kisa hicho hupewa mstari mmoja au kinarukwa kabisa.

Machakos haikutazamwa kama mahali pa siasa kali. Ndiko utawala wa Waingereza ulikokuwa na makao yake bara kabla John Ainsworth hajahamia Nairobi mwaka 1899. Machifu walikuwa na nguvu, wamishonari wa Africa Inland Mission walikuwa wamejenga makanisa na shule, na vijana wa Kikamba walijiunga kwa wingi na jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles) na polisi. Maofisa waliwahesabu Wakamba kuwa watu watiifu, tofauti na jirani zao Wakikuyu waliokuwa na chama chao cha KCA (Kikuyu Central Association). Hata hivyo utiifu huo ulikuwa na mipaka yake. Mwaka 1911 wimbi la ngoma za pepo lililohusishwa na Siotune wa Kathuke liligeuka kuwa ukaidi dhidi ya machifu, na mwaka 1922 nabii Ndonye wa Kauti alihamishiwa Siyu, pwani ya kaskazini, kwa kutangaza kwamba utawala wa wageni ungekwisha.

Mzizi wa mzozo wa 1938 ulikuwa ardhi. Vilima vya Mua vilikuwa vimegawiwa walowezi, na malisho ya Yatta yalikuwa yamefungwa. Watu na mifugo wakasongamana katika eneo dogo walilotengewa, na udongo ukaanza kwenda na mvua. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, iliyotoa ripoti mwaka 1934, ilikiri hali hiyo, ila lawama kubwa iliwaangukia wafugaji. Colin Maher, mtaalamu wa udongo, alipoandika ripoti yake kuhusu Machakos mwaka 1937, alichora picha ya nchi inayogeuka jangwa. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa moja: mifugo ipunguzwe, kwa hiari au kwa lazima.

Wakati huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa inajenga kiwanda cha nyama Athi River. Kiwanda kilihitaji ng'ombe wengi kwa bei ya chini, na Machakos ilikuwa jirani. Mfugaji alichokiona ni hiki: serikali inahesabu mifugo, inawapiga chapa wanaoruhusiwa kubaki, inawapeleka wengine mnadani, na wanunuzi wanaongojea ni Liebig na walowezi waliokwisha kuchukua malisho. Ng'ombe walikuwa mahari, maziwa na akiba ya mwaka wa njaa. Katika sehemu kama Matungulu, ambako plau ilikuwa imeenea, walikuwa pia nguvu ya kulimia.

Upinzani uliwaka zaidi Ngelani, eneo linalopakana na vilima vya Mua. Watu wake walikuwa wamepoteza ardhi zaidi ya wengine, na baadhi ya vijana wao walikuwa wamesoma shule za misheni. Kutoka huko aliinuka Samuel Muindi Mbingu, msemaji hodari aliyekuja kuwa sura ya Ukamba Members Association. Pamoja naye walikuwapo Elijah Kavulu, Isaac Mwalonzi na Simon Kioko. Nguvu ya chama ilitokana na kuwakutanisha watu ambao kwa kawaida hawakukaa upande mmoja: msomi wa misheni na mzee wa kimila, mkulima wa plau na mfugaji wa nyanda kavu, na familia zilizokuwa na wana jeshini. Walikula kiapo cha kutoshirikiana na uuzaji, na kiapo kwa Mkamba si jambo la kuchezea.

Ng'ombe wa Ngelani walipokamatwa na kupigwa mnada, baraza za kijijini hazikutosha tena. Tarehe 28 Julai 1938 wanaume, wanawake na watoto waliondoka Machakos kwenda Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 60, kuonana na Gavana Robert Brooke-Popham. Makadirio ya idadi yao huanzia 1,500 hadi 3,000. Hawakubeba silaha wala hawakuvunja duka. Walipofika walipiga kambi na kusema wataondoka wakishamwona Gavana.

Gavana alikataa kuwapokea mjini. Aliwaamuru warudi kwao, akaahidi kuzungumza nao Machakos. Waandamanaji wakabaki, na siku zikawa wiki. Utulivu huo uliwatia maofisa wasiwasi kuliko ambavyo fujo zingewatia, kwa sababu umati unaokaa chini na watoto wake ni vigumu kuutawanya bila kuaibika. Isher Dass, mjumbe wa Kihindi katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwasaidia, na KCA iliwaunga mkono. Huko Uingereza, Jomo Kenyatta aliandika kuhusu suala lao katika gazeti la Manchester Guardian, na habari za Machakos zikafika katika Bunge la London.

Mwishoni mwa Agosti Gavana alifanya baraza Machakos na kusisitiza kwamba sera itaendelea. Septemba Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, karibu na alikopelekwa Ndonye. Njia iliyonyamazisha nabii mmoja haikunyamazisha chama. Watu waliendelea kukataa kuuza, na kabla mwaka haujaisha serikali ilisimamisha uuzaji wa lazima.

Maofisa walidai kwamba Wakamba walichochewa na Wakikuyu na Wahindi. Mwanahistoria Robert Tignor, aliyeuchambua mzozo huu mwaka 1971, hakukubali. Kwake msaada wa nje ulikuwapo, lakini hasira ilikuwa ya Machakos yenyewe, na utiifu uliosifiwa na serikali ndio uliokuja kuwa silaha ya waandamanaji. Vita vikinukia Ulaya, serikali iliyotegemea askari wa Kikamba haikuweza kuwaudhi baba na mama zao kwa muda mrefu. J. Forbes Munro, katika kitabu chake kuhusu Wakamba chini ya ukoloni, naye anaweka uzito kwenye mabadiliko ya ndani ya jamii.

Ushindi huo haukudumu kisiasa. Mwaka 1940, kwa kisingizio cha vita, Ukamba Members Association ilipigwa marufuku pamoja na KCA na Taita Hills Association, na viongozi wakawekwa kizuizini. Muindi Mbingu alirudi baada ya vita, akauawa mwaka 1953 wakati wa hali ya hatari. Wakati huo Paul Ngei, mwanasiasa mwingine wa Machakos, alikuwa ameshitakiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta. Baada ya uhuru siasa za wilaya zilizunguka watu wakubwa wa KANU, Ngei kwanza na baadaye Mulu Mutisya, na chama kinachoanzia kijijini kikakosa nafasi.

Kuhusu udongo, historia iliwapa wafugaji haki kwa kiasi. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, lakini haukuponywa na mnada. Matuta yaliyochimbwa na vikundi vya kazi ya pamoja vya mwethya, vyenye wanawake wengi, ndiyo yaliyookoa mashamba. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa 1994, ulionyesha kwamba watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya miaka ya 1930 na 1990 huku ardhi ikitunzwa vizuri zaidi.

Nairobi ina Muindi Mbingu Street, penye Soko la Jiji, na maelfu hupita hapo kila siku bila kujua ni nani. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka. Watu wa Ngelani waliitumia haki hiyo miaka 72 kabla haijaandikwa, na wanastahili zaidi ya kibao cha barabarani.