Njaa ndogo ya saa nane



Sote tunaijua ile njaa ya baada ya Adhuhuri ambayo si njaa. Chakula cha mchana kimeshaliwa, lakini mkono unaenda kwenye kopo la visheti. Wajapani wanayo majina yake. Kobara ni "tumbo dogo", nao husema tumbo dogo li tupu, yaani linadai kidogo tu. Kuchisabishii ni jambo jengine kabisa: mdomo una upweke. Hapo tumbo halidai kitu. Bi harusi aliyekwishapimwa nguo aijue tofauti hiyo, maana wengi wetu tunajilaumu kwa ulafi kumbe ni wasiwasi.

Vitafunio vyenyewe huitwa oyatsu, na neno hili lina historia. Zama za Edo, kuanzia 1603 hadi 1868, mchana uligawanywa mafungu sita na usiku sita. Fungu la mchana wa kiangazi likawa refu kuliko la mchana wa baridi. Adhuhuri iliitwa tisa, kisha hesabu ikarudi nyuma: nane, saba, mpaka nne. Nane, yaani yatsu, iliangukia kiasi cha saa nane yetu ya mchana. (Sadfa tu, lakini ilituchekesha.) Mwanzoni mwa zama hizo wengi walikula mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa hiyo ilipofika nane walitia kitu mdomoni, kama dango, vidonge vya unga wa mchele. Tarehe 1 Januari 1873 Japani ikaingia kalenda mpya na saa za Kizungu. Nane ya zamani ikaondoka, jina likabaki, ingawa sasa oyatsu huliwa saa tisa alasiri.

Lililotugusa zaidi ni onaka, yaani tumbo. Neno la zamani ni hara. Lakini wanawake waliotumikia kasri la mfalme, karne nyingi kabla ya Edo kwisha, walikuwa na maneno yao ya staha ya vyakula na ya mwili, kama somo anavyomfundisha mwari kutotaja mambo waziwazi. Tumbo wakaliita onaka, "cha ndani", na kitoweo wakakiita okazu. Maneno hayo yakatoka kasrini, yakaenea majumbani. Leo hata mwanamume wa Tokyo akiona njaa, akitaka kusema kwa adabu, husema onaka.